Sura ya Saba: Kadi Iliyokufa Mwaka Jana

"Haijafa," Wendy alisema. "Imepofuka tu."

Sajini Kasiva alivuta kiti cha plastiki akaketi karibu na meza ya fundi. Kasha la kompyuta lilikuwa limelazwa ubavu, jeusi lililochujuka, na ndani yake feni ilikuwa ikizunguka kwa mkwaruzo. Taa ndogo nyekundu ya mbele ilipepesa. Skrini ilikuwa giza tupu.

"Unajuaje?"

"Sikia." Wendy aliizima, akaiwasha. Kompyuta ililia mara moja, mlio mfupi. "Hiyo ni salamu yake. Inasema kila kitu kiko sawa. Kama ingekuwa imekufa, haingelia, au ingelia vibaya. Na angalia hiyo taa. Diski inafanya kazi. Kuna kitu inaandika huko ndani, ila haiwezi kutuonyesha."

Karakana ya Wendy ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Machakos, na sauti za wauza embe zilipanda hadi dirishani. Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na saba Machi, saa tatu asubuhi. Kesi ya Titus ilikuwa itajwe Jumatano. Kasiva alikuwa na siku mbili na kompyuta isiyoona.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi kusimulia. Jumanne ya tarehe nne, mzee Masila, mchonga vinyago wa miaka sitini na mitatu, alikutwa amekufa mbele ya lango la chama cha wachonga vinyago kule Wamunyu, mbavu zimevunjika. Aliyekutwa amepiga magoti kando yake alikuwa Titus, dereva wa lori la mchanga. Titus alisema alimkuta mzee tayari yuko chini, akasimama kumsaidia. Waliomzunguka asubuhi ile hawakutaka maelezo. Walimpiga mpaka polisi walipomnyakua mikononi mwao, na tangu siku hiyo alikuwa rumande na jicho moja halifunguki.

Juu ya lango la chama kulikuwa na kamera. Afisa aliyeshika faili mwanzo alikuwa ameandika mstari mmoja tu: *Kompyuta mbovu, skrini haionyeshi kitu.* Faili lilipomfikia Kasiva siku ya kumi, mjane wa Masila, Kamanthe, alikuwa ameshamtangulia ofisini, ameketi na leso yake mapajani.

"Mwaitu, mama yangu, tunajitahidi tumpeleke mahakamani aliyefanya hivi," Kasiva alimwambia.

"Mimi sijauliza habari ya mahakama," Kamanthe alijibu. "Nataka kujua kama alikufa peke yake."

Kesho yake, Ijumaa, Kasiva alikwenda Wamunyu mwenyewe. Aliikuta kompyuta chini ya meza ya ofisi ya chama, imewashwa, inanguruma, imefunikwa gazeti. Tangu siku ya msiba hakuna aliyeizima, maana kila mtu alijua imeshakufa. Aliichomoa, akaipakia garini.

"Si uitoe diski tu uiweke kwenye kompyuta nyingine?" alimuuliza Wendy sasa.

"Nilifikiria hivyo. Lakini hii programu ya kamera ni ya zamani, imefungwa kwa hii mashine. Isipoona kibao chake cha kamera hapo kwenye bodi, inakataa kufungua picha. Lazima tuzione humu humu."

"Basi endelea."

Wendy alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Mlolongo, mwenye mikono isiyo na haraka. Alianza na vya nje, kwa sababu, alisema, ng'ombe akikataa maziwa unaangalia kwanza kama ndoo imetoboka. Alibadilisha skrini mashine ikiwa bado inawaka. Giza. Akabadilisha waya wa skrini. Giza. Kuanzia hapo, kila alipobadilisha kitu aliizima mashine, akaiwasha upya, akangoja dakika mbili tatu. Kila mara ulisikika ule mlio mmoja wa salamu, kisha taa nyekundu ikapepesa, kisha kimya.

Mara ya nne alichomoa vijiti vya memori, akavisugua meno kwa raba ya shule mpaka vikang'aa, akavirudisha. Giza.

"Imebaki kadi ya picha," alisema. "Hiki kibao kirefu hapa. Ndicho kinatengeneza picha na kuisukuma kwa skrini. Hii mashine haina njia nyingine." Aliichomoa kadi, akaiwasha mashine bila hiyo. Kompyuta ililia mlio mrefu, ikafuatisha mifupi miwili, ikakwama kabla programu yoyote haijaanza. "Umesikia? Sasa inalalamika. Haioni kadi. Ikiwa ndani hailalamiki. Maana yake kadi iko, inajibu ikiitwa, lakini haileti picha."

"Inaweza kuwa haijakaa vizuri?"

"Inawezekana. Nitaisafisha, niirudishe."

Aliirudisha, akaiwasha. Mara ya tano. Giza.

Kasiva alitazama saa yake. "Jaribu tena mara moja. Ikandamize vizuri."

"Nimeikandamiza, Sajini."

"Mara moja tu."

Wendy alifanya alivyoambiwa. Walingoja dakika tatu, macho kwenye kioo cheusi, na taa nyekundu ikapepesa kwa bidii kama inayotaka kusema jambo. Hakuna picha iliyotokea. Hiyo ilikuwa mara ya sita.

"Kadi imekufa, basi," Kasiva alisema. "Uzee na vumbi."

Wendy alikuwa ameichomoa kadi na kuishika chini ya taa ya meza, anaigeuza. Kisha aliinama, akaliangalia tena kasha lililo wazi, akawasha tochi ya simu.

"Sajini, kuja uone."

Sakafu ya kasha ilikuwa na vumbi jekundu la miaka, limelala kama unga kwenye chekecheke. Lakini chini ya tundu la kadi palikuwa na mstatili safi usio na vumbi, na mstatili huo ulikuwa mrefu kuliko kadi kwa upana wa vidole vitatu.

"Hapa palikaa kadi nyingine," Wendy alisema. "Ndefu kushinda hii. Ilikaa siku nyingi ikikinga vumbi lisianguke. Na hii skrubu ya kushika kadi, ona, kichwa kimekwaruzwa juzi. Zingine zote zina kutu." Akaigeuza kadi mgongo. Pembeni, kwa kalamu ya wino mzito, mtu alikuwa ameandika: *IMEKUFA 8/24*.

"Nani ameandika hivyo?"

"Fundi. Sisi wote tunaandika. Ukitoa kitu kibovu unakiandika ndio usikirudishe kwa bahati mbaya."

Kasiva aliichukua kadi, akasoma maandishi mara mbili. Kadi iliyokufa Agosti mwaka jana haiwezi kufa tena tarehe nne Machi. Mtu alikuwa ametoa kadi nzima, akaweka maiti mahali pake.

Aliwaza kwanza juu ya mlinzi wa chama, Musyoka, aliyekuwa akilala katika ofisi ile na kushika ufunguo. Alimpigia simu akiwa amesimama dirishani.

"Mimi, madam?" Sauti ya Musyoka ilikuwa ya mzee aliyetolewa shambani. "Mimi hata kuwasha hiyo kitu sijui. Kazi yangu ni lango."

"Hiyo Jumanne ulikuwa langoni saa ngapi?"

"Niliondoka mapema. Saa kumi na moja alfajiri nikaenda zangu. Katibu alikuwa ameniambia yeye atakuja mapema kupakia vinyago vya Nairobi, nisimngoje."

"Katibu Nzioka?"

"Ndiye. Ufunguo mwingine si ni wake."

"Uliwaambia polisi hivyo?"

"Hawakuniuliza. Waliuliza kama niliona lori. Nikasema sikuona."

"Na mwaka jana kompyuta iliharibika?"

"Iliharibika. Fundi wa Masii akaja, akatoa kitu, akaweka kingine. Hicho cha zamani kikawekwa kwa katoni, juu ya kabati."

Kasiva alikata simu. Katika taarifa aliyoiandikisha, Nzioka alisema alitoka nyumbani kwake Kalama baada ya chai, akafika Wamunyu saa mbili asubuhi na kukuta watu wamejaa barabarani. Na huyo Nzioka alikuwa ameitwa aje hapa hapa karakanani saa saba mchana, kutia sahihi kwamba mashine ni ya chama.

"Uko na kadi nzima inayoweza kuingia humo?" aliuliza.

Wendy alipekua rafu, akachomoa moja, akaipuliza. Aliipachika, akaikaza skrubu, akabonyeza. Mlio mmoja. Taa nyekundu. Halafu skrini ikapasuka mwanga, na Kasiva akajikuta amesimama.

Programu ya kamera ilijifungua yenyewe. Upande wa kushoto ilipanga rekodi zake, kila moja ya nusu saa, kuanzia ya zamani zaidi juu. Wendy alisogeza kidole kwenye kioo. Kisha kidole kikasimama.

Ya kwanza kabisa katika orodha ilikuwa ya tarehe 4, saa 06:30.

"Kabla ya hapo?" Kasiva aliuliza.

"Hakuna."

"Inawezekanaje ianze hapo hapo?"

Wendy alifungua ukurasa mwingine, daftari ambamo programu huandika mambo yake. Alisoma kwa muda mrefu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Diski imejaa. Programu ikianza, au nusu saa ikiisha, inafuta faili moja ya zamani ndio ipate nafasi. Imekuwa ikirekodi kule Wamunyu siku kumi, ikifuta za nyuma. Ijumaa ulipoichomoa, ya zamani zaidi ilikuwa ya saa tisa usiku wa kuamkia hiyo tarehe nne." Akapitisha kidole kwenye mistari. "Halafu leo tumeiwasha mara saba. Mara saba, nusu saa saba."

Kasiva alihesabu bila kutaka. Mistari saba ilikuwa imepangwa pale, kila mmoja na saa yake ya asubuhi hii, kila mmoja na neno *imefutwa*. Faili ya 05:30, ya saa ile Nzioka alipotarajiwa langoni, ilifutwa na kuwasha kwa sita. Mara moja tu, alikuwa amesema.

"Irudishe."

"Imeandikwa juu tayari. Inarekodi weusi hata kama kamera haiko. Nitajaribu, lakini sikudanganyi." Wendy alifuta mikono kwenye suruali. "Ni kosa langu. Ningenakili diski kwanza."

"Mimi ndiye niliyekuharakisha."

Hawakulaumiana zaidi. Walifungua ile ya 06:30. Picha ilikuwa ya kijivu, lango upande mmoja, barabara upande mwingine. Lori lilikuwa limeshasimama. Titus alikuwa amepiga magoti, ameinamisha sikio karibu na mdomo wa mzee. Alivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Masila. Alisimama, akapunga mikono kwa pikipiki iliyopita bila kusimama. Akarudi akapiga magoti. Saa 06:41 watu wa kwanza walitokea, na saa 06:44 mmoja wao akamshika Titus shingoni.

Wakili yeyote wa serikali angesema: huyu amemgonga, kisha akajuta. Picha haikumwokoa mtu.

Wendy alipata jambo moja zaidi kwenye lile daftari. Tarehe nne, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, kompyuta ilizimwa. Saa nane na nusu ikawashwa tena. Tangu ilipotengenezwa Agosti haikuwa imezimwa hata mara moja.

Nzioka alifika saa saba kasoro, mwanamume wa miaka hamsini, kofia mkononi, mfuko wa ngozi wa karatasi za chama begani. Aliwasalimu wote wawili kwa kuwapa mkono. Kasiva alikuwa ameigeuza skrini ili mgeni aone mgongo wake tu.

"Pole na safari, Katibu. Mzee Masila alikuwa ndugu yako?"

"Si ndugu. Ndiye alinifundisha kushika tezo, nikiwa kijana. Kila mchongaji wa umri wangu pale ni wake."

"Hiyo Jumanne ulifika Wamunyu saa ngapi?"

"Niliandikisha. Saa mbili."

"Musyoka anasema ulimwambia utakuja alfajiri kupakia mzigo."

"Musyoka amezeeka. Anachanganya siku."

"Na hii mashine? Ilizimwa mchana wa siku hiyo, dakika kumi na nane. Nayo inachanganya siku?"

Nzioka aliizungusha kofia mkononi. "Stima hupotea sana kule kwetu."

"Tumeiwasha," Kasiva alisema. "Tumepata picha."

Alimtazama usoni. Nzioka aliutazama mgongo wa skrini. Uso wake haukuonyesha hofu, ulionyesha mshangao, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake yuko zizini kwa jirani ilhali ameshika kamba yake.

"Haiwezekani," alisema polepole. "Picha haziko huko."

"Ziko wapi?"

Mkono wake ulikuwa umeshagusa mfuko wa ngozi kabla hajauona ukienda. Aliuona, akauacha hapo. Chini sokoni mtu alikuwa anataja bei ya embe, tena na tena.

"Keti, Katibu," Kasiva alisema.

Aliketi. Alipoanza kusema, alisema kwa sakafu.

"Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa narudi nyuma kutoka langoni, gari langu, Probox, limejaa mzigo. Kioo cha nyuma kilikuwa na umande. Nikasikia kitu kama gunia limeanguka. Nikashuka. Alikuwa ameleta vinyago vyake, alitaka niende navyo. Akaniambia, Nzioka, ni mimi. Akaniambia kama mtu anaomba msamaha kwa kusimama vibaya."

"Alikuwa anazungumza?"

"Alikuwa anazungumza. Nikamwambia ngoja, nakuja nikubebe. Nikaingia kwa gari nishushe kiti. Halafu mguu ukakanyaga mafuta, gari likaondoka. Sijui vile nitaeleza. Nilikuja kusimama Masii, nikakaa hapo ndani ya gari. Niliporudi nilikuta wameshamshika yule dereva. Nikasema, basi, imeshaamuliwa."

"Na wewe ukanyamaza siku kumi na tatu."

"Nilimchimbia kaburi. Mimi na wengine. Nilichimba kushinda wote."

Wendy alikuwa ameinamisha kichwa kwenye meza yake, bisibisi mkononi, hafanyi kitu. Kasiva alimsikiliza Nzioka mpaka mwisho, na kila neno lililotoka lilimtia uzito zaidi. Alijua sheria. Ungamo halipokelewi mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya hakimu, au mbele ya afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu. Yeye alikuwa sajini. Inspekta Ndambuki alikuwa mahakamani Kithimani tangu asubuhi. Yote yaliyosemwa katika chumba hiki yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa ushahidi.

"Fungua mfuko," alisema.

Nzioka aliufungua. Chini ya vitabu vya chama kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe cha pamba, kimekunjwa kona kwa kona jinsi watu wanavyokunja kitambaa cha meza ya Bwana. Alikifungua mapajani. Ilikuwa kadi ndefu, urefu wa mstatili ule ule wa vumbi.

"Yule fundi wa Masii alisema hii ndiyo kadi ya picha," alisema. "Alisema bila hii hakuna picha. Nikatoa hii, nikarudisha ile mbovu. Mara mbili nimeenda nayo chooni niitupe. Nikashindwa. Yeye si yuko humu ndani? Ningemtupaje kule?"

Kasiva aliichukua kadi pamoja na kitambaa chake. Ilikuwa nyepesi.

"Haina kitu," alisema. "Hii hupitisha picha tu. Haiweki."

Nzioka alimtazama kama hakusikia vizuri. "Haiweki?"

"Haijawahi kuweka."

"Sasa yeye yuko wapi?"

Swali lilikuwa la kweli, na Kasiva alilijua jibu lake, mstari wa sita katika daftari la mashine, ile faili ya 05:30 iliyofutwa. Hakulitoa. Alimgeuzia Wendy macho kumwonya, lakini alikuwa amechelewa. Wendy alikuwa ameinua kichwa, na machozi yalikuwa yamejaa machoni mwake, na alikuwa anaitazama skrini kwa aibu ya mtu aliyepoteza kitu cha mwenzake.

Nzioka aliuona uso ule. Akaangalia skrini iliyomgeuzia mgongo. Akamrudia Kasiva, akamtazama kwa muda mrefu, na taratibu mabega yake, yaliyokuwa yameanguka tangu aketi, yakaanza kunyanyuka. Alifunga mfuko wake. Aliokota kofia iliyoanguka, akaifuta vumbi kwa kiwiko.

"Madam," alisema, na sasa ilikuwa sauti ya katibu wa chama, "naomba nipige simu kwa wakili."

Kasiva alikuwa ameishika ile kadi kwa mikono miwili.

"Ni haki yako," alisema.